Kabla ya Kugusa Kete

Habari ya kifo cha Abdallah ilifika Kasongo wakati mwenyewe ameshazikwa. Alikuwa akitoka Salamabila, alikokuwa amepeleka maturubai na mipira ya pampu kwa wachimba dhahabu, na pikipiki aliyopanda ikateleza juu ya magogo ya daraja karibu na Kabambare. Dereva alivunjika mkono. Abdallah aligonga kichwa, hakuamka tena. Mvua ilikuwa imeikata njia ya kwenda Kasongo, kwa hiyo Waislamu wa Kabambare walimwosha, wakamsalia, wakamlaza kaburini, na baada ya hapo ndipo mdogo wake Bakari alipopata mtandao wa kupiga simu.

Hawa, mke wa marehemu, alikuwa uani anapepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Inna lillahi," akampa mama mkwe wake simu, akarudi kwenye ungo. Watu walipoanza kujaa uani walimkuta amemaliza kupepeta, anachagua mawe.

Hakulia siku hiyo, wala siku ya hitima. Binti yake wa pekee, Zaituni, alikuja kutoka Kindu alikoolewa, akalia mpaka sauti ikakauka, akarudi kwa mumewe. Wanawake wa mtaa walisema machozi ya Hawa yamo njiani, yatafika. Hawa naye aliyangoja kama mtu anayengoja mgeni ambaye hamfahamu vizuri. Hakuwa na huzuni. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kadiri alivyoweza kushangaa. Alikuwa na ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, isipokuwa hii ilikuwa imeanzia kichwani ikashuka mpaka vidoleni. Akila, alikuwa anatafuna. Akisalimiwa, alikuwa anajibu.

Akaingia eda. Mjane katika familia za Kiislamu za Kasongo hukaa nyumbani mpaka muda wake uishe. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki bila dharura. Kibanda chake cha vitenge kilichokuwa mbele ya nyumba kikafungwa. Wakabaki wawili katika nyumba ile, Hawa na Bibi Amisa, mama yake Abdallah, mwanamke mzee aliyekuwa na chumba chake upande wa nyuma na maoni yake juu ya kila kitu.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa jirani yao Louise, Mkristo, mke wa Mwalimu Célestin anayefundisha hesabu kwenye shule ya misioni. Louise alikuwa mwingi wa maneno, lakini kwa Hawa yalimwishia. Alimwambia mumewe kwamba Mama Zaituni amekuwa kama mtungi: unamimina, yanaingia, hakuna kinachotoka.

Célestin alikaa na neno hilo. Yeye na Abdallah walikuwa wamecheza sataranji kila Jumapili baada ya misa, barazani kwa Abdallah, kwa miaka mingi. Célestin alijifunza mchezo huo kwa mapadri na alizijua kete kwa Kifaransa; Abdallah ndiye aliyezigeuza. Kete ya pembeni wakaiita mnara. Ile iendayo mshazari, ambayo Wafaransa huiita mwendawazimu, wakaiita kichaa, na Abdallah alidai kwamba jina hilo linaifaa kwa sababu haijawahi kupita njia iliyonyooka. Hawa alikuwa akiwaletea chai ya tangawizi na kusimama kuangalia. Baadaye Abdallah akamfundisha. Alielewa upesi, na upesi huo ndio uliomponza. Akimwona tu mfalme wa mwenzake, anamtisha, huku mnara wake umeachwa wazi nyuma. Abdallah alicheka akisema mkewe anacheza kama anayefukuza kuku.

Kumwandikia mjane aliye katika eda si jambo ambalo mwanaume wa nje angelifanya, na Bibi Amisa asingelivumilia. Kwa hiyo Célestin alipanga kete tatu kwenye ubao wake nyumbani, akazipiga picha kwa simu ya Louise, akamwagiza aende akamwonyeshe Mama Zaituni. Swali lilikuwa fupi: weupe wanaanza, wamfunge mfalme mweusi kwa miendo miwili.

Hawa aliitazama picha ile bila hamu. Mfalme mweusi alikuwa peke yake kwenye kona ya juu kulia. Mfalme mweupe alisimama karibu naye kwa mshazari, chumba kimoja kikiwa wazi kati yao. Mnara mweupe ulikuwa mbali kabisa, kona ya chini kushoto. Hata hakuuchukua ubao. Alisema mnara upande mpaka juu umtishe mfalme. Louise akairekodi sauti hiyo, akaipeleka kwa mumewe.

Alasiri alirudi.

"Mwalimu iko nasema mfalme atatoka," Louise alisema, akijitahidi kukumbuka. "Atashuka chumba kimoja, hautamupata tena. Na iko nauliza: ulitazama miendo gani ingine?"

Hawa alisema hakutazama mwingine.

"Basi njo anasema hivi. Usiguse kete. Kwanza utaje miendo yote yenye unaweza kucheza, hata ile mubaya. Kisha kila mumoja uuliza: mwenzangu atajibu nini?"

Louise alipoondoka, Hawa aliutoa ubao kabatini. Alikuwa hajaugusa tangu Abdallah asafiri. Aliupanga juu ya mkeka, akaketi. Mnara kwenda juu: mfalme anashuka, anatoroka. Mnara kwenda kulia, umtishe kwa ubavu: mfalme anahama chumba kimoja, anatoroka. Hapo zamani angeishia, kwa sababu miendo ya kutisha imekwisha. Alikaa akaitazama kete ambayo hakuwa ameihesabu, mfalme wake mwenyewe. Je, yeye akipiga hatua moja mbele? Hamtishi mtu. Lakini mfalme mweusi amebakiwa na chumba kimoja tu cha kwendea, lazima ashuke, na akishuka, mnara unakwenda kulia, na mlango umefungwa.

Alipoinua kichwa, kivuli cha ukuta kilikuwa kimevuka ua wote. Muda ulikuwa umepita bila yeye kuubeba.

Kesho yake Louise alileta jibu la mwalimu. Ni sawa, lakini Mama Zaituni aliacha kutafuta mara tu alipopata. Kuna mwendo mwingine unaofunga vilevile. Hawa alirudi kwenye mkeka, akaona: mfalme mweupe angeweza kusogea upande pia, badala ya kwenda mbele, na hapo mweusi angelazimika kuhama kushoto, na mnara ungepanda juu. Funguo mbili za mlango mmoja, na yeye alikuwa ameridhika na moja.

Tangu hapo mafumbo yakawa yanakuja na Louise pamoja na habari za soko. Kete zikaongezeka, farasi wakaingia, vichaa, malkia. Hawa hakufurahi. Itakuwa uongo kusema sataranji ilimponya. Alilopenda humo, ikiwa neno ni kupenda, ni kwamba ndani ya ubao hapakuwa na mtu wa kumhurumia. Miendo ilitajwa mmoja baada ya mwingine, wa kutisha, wa kula, wa kimya. Kila mmoja ulifuatwa mpaka mwisho wake na kuachwa. Mwalimu hakupokea jibu tupu. Alitaka kujua ni miendo gani mingine aliyoikataa na kwa nini, na Louise, ambaye hakujua farasi anakwendaje, alizibeba hoja hizo barabarani huku akizinong'ona ili asizimwage.

Bibi Amisa alichukia. Mtu wa eda na michezo wapi na wapi? Hawa hakubishana. Alisema hakuna kamari wala swala inayopita. Bibi Amisa akamuuliza shehe, na shehe akajibu kwamba wapo wanaoukataza na wapo wanaouruhusu. Jibu hilo lilimuudhi kuliko yote mawili.

Kisha mambo mengine yakaanza. Haifai kumposa mjane waziwazi kabla eda haijaisha, kwa hiyo Bibi Amisa hakuposa. Alipiga mafumbo. Akimenya mihogo alisema nyumba haiachi mtu wake. Akitandika mkeka alisema Bakari ana moyo wa kaka yake mtupu. Wajomba wawili walipita kusalimia wakasema kwamba, Mungu akijalia, siku ya kutoka eda Bakari atakuja na wazee watakaa. Hawa alielewa. Bakari alikuwa na mke huko Salamabila, Aicha, na yeye atakuwa wa pili, abaki Kasongo katika nyumba hiihii. Akikataa, atarudi Nyangwe kwa baba yake, ambaye tayari alikuwa ametuma neno kwamba chumba chake kipo na mto uko palepale.

Mtaa mzima uliona miendo miwili tu. Louise naye aliiona hiyo miwili, akamuuliza atachagua upi.

"Bado sijahesabu," Hawa alisema.

Haikuwa ujasiri. Mtu mwenye uchungu angelia au kukasirika, na hasira ingemsukuma kwenye mwendo wa kwanza ulio karibu. Hawa hakuwa na cha kumsukuma. Alikaa kwenye mkeka wake, ubao ukiwa mtupu, akaanza kutaja. Kukubali. Kwenda Nyangwe. Kwenda Kindu kwa Zaituni na kuwa mzigo kwa mkwewe. Kubaki hapa bila mume. Huo wa mwisho aliutaja kwa sababu ya sheria ya mwalimu, kwamba hata mbaya utajwe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba upo.

Akaufuata kila mmoja. Nikikubali, Aicha atajibu nini? Akagundua kwamba hamjui Aicha, zaidi ya kumwona harusini, na kwamba katika mafumbo yote ya Bibi Amisa jina la Aicha halikuwa limetajwa hata mara moja. Nikienda Nyangwe, nani atajibu? Baba yangu atafurahi. Bakari atapumua. Nyumba itafungwa au kupangishwa. Na Bibi Amisa?

Hapo alisimama. Bibi Amisa hawezi kuishi peke yake. Macho yamefifia, na maji yanatekwa mbali. Atachukuliwa na mwanawe aliyebaki. Atapelekwa Salamabila, kwenye mashimo na pikipiki na wanaume wasiojulikana wametoka wapi, akazikwe huko, mbali na makaburi ya watu wake. Miezi yote hiyo Hawa alikuwa amedhani mkwewe anailinda nyumba ya mwanawe. Alikuwa analinda kitanda chake.

Hawa aliliona hilo kama alivyokuwa akiiona miendo, bila kuguswa. Alinyanyuka akaenda chumba cha nyuma.

Bibi Amisa alikuwa anapanga nguo zake. Hawa alikaa chini karibu na mlango, kama inavyompasa mke wa mwana, akamuuliza kwa adabu kama angependa kuhamia Salamabila.

Mzee aliikunja kanga, akaikunjua, akaikunja.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mutu, mama. Niliwaza tu."

"Nilienda kule mara moja," Bibi Amisa alisema. "Siku ile Bakari alipata mutoto. Vumbi inaingia mpaka ndani ya uji. Mutu anakufa, na kesho asubui pahali yake ya kulala iko na mutu mwingine." Akaiweka kanga kando. "Weye ukienda kwa baba yako, miye nitaenda wapi?"

"Na kama siende?"

"Utabaki na nani? Mwanamuke hawezi kubaki tu hivi."

"Nitabaki na weye."

Bibi Amisa alimtazama kwa macho yale yaliyofifia, akamwambia kwamba wazee hawatakubali, kwamba hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika ukoo wao. Hawa akajibu kwamba huenda hawatakubali. Aliomba jambo moja tu: Bakari akija, aje na mkewe. Mzee akauliza wa nini, hayo si mambo ya Aicha. Hawa akasema hakuna mwenye mambo hayo zaidi yake.

Eda iliisha. Hawa alioga, akavaa kitenge cha rangi, akatoka barazani. Jua lilikuwa kali na watu walimsalimia kwa furaha, aliwajibu wote. Bakari na Aicha walifika siku hiyohiyo, wamejaa tope mpaka kiunoni. Aicha alikuwa mdogo kuliko Hawa alivyomkumbuka. Alikwenda moja kwa moja jikoni kusaidia, akashika mchi, akatwanga sombe, majani ya mihogo, kwa muda mrefu.

"Miye sikuulizwa," alisema mwishowe, bila kuacha kutwanga.

"Njo maana nilikuita," Hawa alisema.

Aicha akaacha kutwanga. Akasema kwamba Bakari mwenyewe hataki. Tangu simu ya mama yake ifike halali vizuri, lakini hawezi kumkatalia mama juu ya kaburi la kaka yake. Hawa alimwomba ayaseme hayo mbele ya wazee, na kama hawezi kuyasema, asiyakanushe atakapoyasema yeye.

Wazee wa ukoo walikaa sebuleni baada ya alasiri. Mjomba mkubwa alizungumza kwa urefu juu ya heshima. Walipomuuliza Hawa, hakusema hapana. Alisema anamshukuru Bakari kwa kukubali kubeba mzigo ambao hakuuomba, kisha akaeleza kwamba yeye atabaki katika nyumba hii na Bibi Amisa, atamhudumia kama mama aliyemzaa, na kibanda chake kitawalisha wote wawili. Mjomba akaanza kupinga: watu watasema nini? Hawa alikuwa amelihesabu hilo pia. Alijibu kwamba watu watasema, na akanyamaza, kwa sababu baada ya jibu hilo hakukuwa na mwendo unaomlazimu.

Bakari alikuwa ameinamisha kichwa. Aicha alisema kwa sauti ndogo kwamba Dada Hawa amesema kweli. Wazee wakageuka kwa Bibi Amisa, wakitarajia awanyamazishe wanawake hawa. Bibi Amisa aliwaacha wangoje.

"Miye nataka kulala kwangu," alisema. "Na huyu anajua dawa yangu iko wapi."

Hawakumaliza siku ile. Mjomba mkubwa aliondoka amenuna, akarudi kesho yake, akanuna tena. Lakini mtu hawezi kumwoza mwanaume asiyetaka kwa mwanamke asiyetaka huku mama mwenye nyumba amekaa mlangoni, na mwishowe wakapiga fatiha juu ya kile kilichokuwa kimeshakuwa. Baba yake Hawa, alipopata habari huko Nyangwe, alituma neno moja tu kwamba amezeeka. Hilo nalo Hawa alikuwa ameliona mapema. Hakukuwa na mwendo ambao haukumwachia mtu mmoja upweke, na yeye ndiye aliyechagua nani.

Bakari na Aicha waliporudi alifuatana nao mpaka Kabambare. Alionyeshwa kaburi nyuma ya msikiti, limeota majani. Mzee mmoja aliyekuwa amemwosha Abdallah alimweleza kwamba uso wake haukuwa na jeraha, kwamba jeraha lilikuwa nyuma. Hawa alishukuru. Alichuchumaa, akang'oa majani mpaka udongo ukabaki mtupu, akasoma alichojua, akangoja kidogo. Hakikuja kitu. Akanawa mikono, akapanda pikipiki ya kurudi.

Alifungua kibanda. Jumapili ya kwanza Célestin alikuja barazani na Louise, safari hii bila picha, akaupanga ubao kati yao, Bibi Amisa akiwa ameketi palepale mlangoni kulinda heshima. Walicheza polepole. Hawa alitaja miendo yake kimyakimya kabla ya kugusa chochote, wa kutisha, wa kula, wa kimya, akafuata kila mmoja, akaona amemshika mwalimu. Alicheza malkia wake kwa uhakika.

Célestin alichukua farasi, akamrudisha nyuma. Alimrudisha kulekule alikotoka, mwendo wa mtu anayekimbia. Na kutoka kule farasi aliwatisha mfalme na malkia wa Hawa kwa pamoja: mfalme akikimbia, malkia analiwa.

Hawa alikuwa hajautaja mwendo huo. Alikuwa ametaja yote ya kwenda mbele na hakuwaza kwamba farasi hurudi. Aliutazama ubao, na masikio yakaanza kumchoma. Alijaribu kutafuta njia ya kutoka, hakuiona, na moto ule ukashuka shingoni mpaka kifuani. Louise alipouliza nani ameshinda, Hawa alizikusanya kete kwa kelele kiasi kwamba moja iliviringika mpaka chini ya kigoda, akainama kuiokota, akajigonga kwenye ukingo wa meza, akasema neno ambalo hasemi mbele ya wageni.

Célestin na mkewe waliaga mapema. Hawa alibaki na hasira yake mpaka magharibi, akifungua na kufunga milango isiyohitaji kufunguliwa. Bibi Amisa alimfuata kwa masikio kutoka chumba mpaka chumba.

"Nani amekukosea?" aliuliza mwishowe.

"Farasi," Hawa alisema.

Mzee alilifikiri jibu hilo, akasogeza mkeka wake kidogo ili Hawa apate pa kuketi.